Semina ya siku moja haiwakingi wanafunzi na matatizo ya ulaji: shule ifanye nini badala yake

Swali: Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya bweni ya wasichana hapa Tanzania. Muhula huu wasichana kadhaa wa kidato cha pili na cha tatu wanaruka chakula cha mchana au wanakimwaga. Matroni amemsikia mmoja wao akijitapisha zaidi ya mara moja baada ya chakula cha jioni. Mkuu wa shule ameniagiza niandae semina ya siku moja kwa shule nzima. Nimepanga kumwalika binti aliyewahi kuugua atoe ushuhuda, kuonyesha picha za wagonjwa waliokonda sana, kisha tuwapime uzito wanafunzi wote ili tuwatambue walio hatarini. Baadhi ya walimu wanasema haya ni maradhi ya Wazungu. Je, mpango wangu uko sawa? Bajeti yetu ni ndogo.

Jibu: Mwalimu, isitishe semina hiyo kwanza. Nia yako ni njema, lakini ushuhuda, picha na mizani ndivyo vitu vitatu ambavyo ningekuomba usiviingize shuleni kabisa. Zipo njia zilizojaribiwa na kuonekana kufanya kazi, hazihitaji fedha nyingi, na unaweza kuzianza muhula huu huu. Ila kuna binti anayejitapisha, na huyo hawezi kusubiri programu. Tuanze naye.

Binti wa bwenini

Kinga ni ya wale ambao hawajaugua. Anayejitapisha mara kwa mara ameshavuka hapo. Anahitaji tiba, na kumwingiza kwenye kikundi cha kinga hakumsaidii yeye wala wenzake. Azungumze naye mtu mmoja tu anayemwamini, wewe au matroni, mahali pa faragha, bila kiranja kuwepo. Aanze na alichokiona, asianze na jina la ugonjwa: "Nimeona siku hizi ukitoka chooni baada ya chakula macho yamekuwa mekundu, na umekuwa mnyonge. Nina wasiwasi na wewe. Hujafanya kosa lolote." Kisha anyamaze, ampe nafasi. Jibu la kwanza mara nyingi huwa "nina vidonda vya tumbo" au "nimefunga". Asibishane naye. Vidonda vya tumbo vinapimika, na hospitali ndiyo itakayosema.

Akiwa tayari kuzungumza, yapo maswali matano yaliyotungwa na Dk. John Morgan na wenzake jijini London mwaka 1999, ambayo hata asiye daktari anaweza kuyauliza. Je, huwa unajitapisha kwa sababu unajisikia vibaya ukishashiba? Una wasiwasi kwamba umeshindwa kudhibiti kiasi unachokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi 3? Unajiona mnene wakati wengine wanakuambia umekonda? Unaweza kusema kwamba chakula kimetawala maisha yako? Akijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, apelekwe kwa daktari. Maswali haya ni ya mazungumzo ya watu wawili. Usiyachape ukayagawa darasani.

Zipo dalili ambazo hazingoji miadi. Akizimia, akitapika damu, kifua kikimuuma, misuli ikilegea au kukaza bila sababu, mapigo ya moyo yakiwa chini ya 50 kwa dakika akiwa macho na ametulia, au akizungumzia kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama hata kwa mtu ambaye ukimtazama unamwona mzima kabisa. Wengi wanaojitapisha wana uzito wa kawaida, kwa hiyo umbo lisikudanganye. Daktari aombwe kupima potasiamu na fosfeti kwenye damu na, kikiwepo, kipimo cha umeme wa moyo. Baada ya hapo, ulizia kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa.

Matroni ajue mambo mawili ya nyongeza. Kwanza, aliyetapika asukutue kwa maji na asipige mswaki papo hapo. Tindikali ya tumbo huwa imelainisha meno, na mswaki huyakwangua. Asubiri walau nusu saa. Pili, msichana ambaye hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku 5 asirundikiwe sahani ili "afidie". Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, fosfeti huporomoka kwenye damu na hali inaweza kuwa ya hatari. Huyo aanzishiwe chakula chini ya uangalizi wa hospitali.

Mzazi aambiwe, na binti ajue mapema kwamba mzazi ataambiwa na nini hasa kitasemwa. Usitume ujumbe kupitia mwanafunzi mwingine. Mzazi akianza kumgombeza kwa simu, mrudishe taratibu kwenye hoja: mtoto ni mgonjwa, anahitaji kula kwa saa zake na kuonana na daktari.

Kwa nini si ushuhuda, si picha, si mizani

Mwaka 1997 Traci Mann na wenzake, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya mpango unaofanana sana na wako. Wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza chuoni walikutanishwa na wenzao waliopona matatizo ya ulaji, wakasikiliza habari zao. Wiki chache baadaye, waliohudhuria walikuwa na dalili nyingi kidogo kuliko wasiohudhuria. Mwaka huo huo, nchini Uingereza, Jacqueline Carter, Christopher Fairburn na wenzao waliwafundisha wasichana 46 wa miaka 13 na 14 kwa vipindi vinane kuhusu ulaji na matatizo yake. Mara baada ya masomo hali ilionekana nzuri. Miezi sita baadaye manufaa yalikuwa yameyeyuka na wasichana walikuwa wakijinyima chakula zaidi ya walivyokuwa kabla ya kufundishwa.

Sababu zinaeleweka ukimfikiria msichana wa miaka 15 aliyekaa mstari wa nyuma. Mtoa ushuhuda ni dada mrembo, amevaa vizuri, anapigiwa makofi na mkuu wa shule. Anaeleza alivyokuwa akifanya ili wasijue nyumbani. Kwa asiye na tatizo hiyo ni habari ya kusikitisha. Kwa aliyekwisha kuanza kujinyima ni maelekezo. Picha ya mwili uliokonda mno nayo humfanya mgonjwa aseme, "mimi sijafika huko, basi sijaugua." Na ukisema mbele ya watu mia nne kwamba "wengi wanafanya hivi siku hizi", umelifanya jambo lionekane la kawaida.

Mizani ina tatizo jingine. California iliwahi kufanya jaribio kubwa kwenye shule 79, likiongozwa na Kristine Madsen, ambapo wanafunzi walipimwa na wazazi wakatumiwa taarifa za uzito wa watoto wao. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba taarifa hizo hazikupunguza uzito wa yeyote, lakini kuridhika na miili kulipungua zaidi kwa waliopimwa kuliko kwa wasiopimwa. Bwenini huwezi kuficha namba. Kabla ya kengele ya usiku kila mmoja atakuwa anajua kilo za mwenzake. Kama sheria au kampeni ya afya inalazimisha upimaji, basi upimwe ndani ya chumba, mtoto mmoja mmoja, ameipa mizani mgongo, na namba iandikwe bila kutamkwa.

Kuhusu "maradhi ya Wazungu": Anne Becker wa Harvard aliwachunguza wasichana wa shule katika eneo la Nadroga, Fiji, mwaka 1995 televisheni ilipoingia tu, akarudi kuchunguza tena 1998. Fiji ni mahali ambapo mwili mnene ulikuwa ukisifiwa kwa vizazi. Mwaka 1995 hakupatikana hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu, na ilikuwa televisheni, kabla ya simu za mkononi. Waambie wenzako hilo kwenye kikao.

Kwetu jambo limepinda zaidi, na programu ya kigeni ukiichukua ilivyo itakukosa hapa. Msichana wa Dar es Salaam au Mombasa hatakiwi kuwa mwembamba tu. Anatakiwa awe na kiuno chembamba na tumbo bapa, lakini nyonga pana: "namba nane". Kwa hiyo ndani ya bweni moja utamkuta mmoja anakunywa chai za kupunguza tumbo na mwenzake anameza vidonge vya kunenepesha. Chai nyingi za namna hiyo zina sena, dawa ya kuharisha, ambayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, pamoja na ile potasiamu niliyoitaja. Vidonge vya kunenepesha mara nyingi huwa siproheptadini, inayoleta usingizi na hamu ya kula, au deksamethazoni, ambayo ni steroidi. Ukivikamata bwenini usivitupe ukadhani kazi imekwisha: aliyemeza deksamethazoni kwa majuma kadhaa akikatishwa ghafla anaweza kuanguka vibaya, kwa sababu tezi zake zimeacha kutengeneza homoni yake ya asili. Mpeleke kwa daktari pamoja na pakiti yenyewe. Maelezo ya aya hii ni ya walimu na matroni. Yasiingie kwenye somo la darasani.

Kikundi kidogo, vipindi sita

Njia yenye ushahidi mzito kuliko zote kwa wasichana inaitwa Body Project. Iliasisiwa na Eric Stice nchini Marekani, na baadaye Carolyn Becker akaonyesha kwamba wanafunzi waliofunzwa wanaweza kuwaongoza wenzao. Katika utafiti wa Stice uliotolewa mwaka 2008, wasichana 481 wasioridhika na miili yao walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliopitia vikundi hivi walipata matatizo ya ulaji kwa asilimia 60 pungufu ukilinganisha na wale ambao hawakupewa chochote. Ni nadra sana kinga ya ugonjwa wa akili kufikia hapo.

Msingi wake ni huu: mtu akisema jambo kwa kinywa chake, kwa hiari, mbele ya wenzake, linamwia vigumu kuendelea kuamini kinyume chake. Kwa hiyo msichana hahubiriwi. Anapewa kazi ya kuupinga mwenyewe urembo unaouzwa kwenye matangazo, na anaupinga mpaka hoja zinakuwa zake. Ukielewa hili utajua pia mahali programu nyingi zinapoharibika. Mwalimu akianza kutoa hotuba, wasichana wanakaa kimya na kuitikia "ndiyo, mwalimu", na hakuna kinachobadilika. Vivyo hivyo wakilazimishwa kuhudhuria, kwa sababu aliyelazimishwa hujiambia, "nimesema vile kwa kuwa nimeamriwa."

Kikundi kiwe na wasichana 6 hadi 10, waliojiandikisha wenyewe. Usikitangaze kama kikundi cha wenye matatizo ya kula. Kiite klabu ya kujikubali, au waache wakipe jina. Viongozi wawe wawili: wewe au mwalimu mwingine wa kike, pamoja na mwanafunzi wa kidato cha tano au sita aliyefanyiwa mazoezi. Mwalimu anayejulikana kwa kuzungumzia dayati yake kila siku asiongoze. Vipindi sita vya dakika 45, kimoja kwa wiki, kwenye muda wa klabu au Jumamosi alasiri. Usichukue muda wa kujisomea usiku. Walimu wa taaluma watakupinga na wasichana watasinzia. Vifaa ni ubao, madaftari, kalamu, na kurasa chache za matangazo kutoka magazetini.

Kipindi cha kwanza, chora mistari ubaoni, upande mmoja andika "Mrembo wa kwenye matangazo". Wao wataje: ngozi, kiuno, nywele, tumbo, meno. Waache mpaka orodha ianze kujipinga yenyewe, maana itajipinga tu. Hakuna mwili mmoja unaoweza kuwa na vyote. Dakika hizi zisizidi 10. Zikizidi, kikundi kinageuka kuwa baraza la kuwasifia wasanii. Halafu uliza: nani anapata fedha sisi tukiutamani mwili huu? Unatugharimu nini: pesa, muda, afya, urafiki, masomo? Kila mmoja aseme walau gharama moja kwa sauti. Hiyo ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Kazi ya nyumbani ni barua ya ukurasa mmoja kwa mdogo wake wa darasa la saba, akimweleza hasara za kuukimbilia urembo huo.

Kipindi cha pili barua zinasomwa, kwa atakayependa. Kisha kazi ya kioo: katika wiki hiyo, akiwa peke yake na amevaa nguo anazojisikia huru nazo, asimame mbele ya kioo aandike mambo mazuri kumi na mawili au zaidi kuhusu yeye, yawemo ya mwili na ya tabia. Bwenini faragha ni shida, kwa hiyo panga zamu ya chumba cha wagonjwa au ofisi yako, dakika 15 kila mtu. Wanaporudi, sikiliza kwa makini. Wasichana wengi wataandika "miguu yangu haijanenepa sana" au "napenda tumbo langu kidogo". Hayo bado ni majibu ya kujishusha. Mwambie arudie: miguu yake imempeleka wapi, mikono yake inajua kufanya nini.

Cha tatu na cha nne ni maigizo. Kiongozi anajifanya msichana aliyeamua kutokula chakula cha jioni mpaka mahafali, na wanakikundi wanamshawishi aache. Kiongozi asikubali haraka. Akikubali haraka, hawajafanya kazi yoyote. Kisha majibu mafupi ya papo kwa papo kwa maongezi ya mwili. Mmoja anasema, "Jamani nimefumuka, sketi hii sitaivaa tena," mwenzake anatakiwa ajibu ndani ya sekunde chache: "Sketi ndiyo imekuwa ndogo, wewe unakua. Omba nyingine." Mwingine anasema, "Umepungua, umependeza kweli!" Jibu: "Tumeacha kupimana miili. Niambie ule mtihani wa Kemia ulikuwaje." Rudieni hadi majibu yatoke bila kufikiri. Hayo ndiyo watakayokwenda nayo bwenini, na jambo hili linaonekana dogo, lakini maongezi ya mwili ndiyo chakula cha kila siku cha tatizo lenyewe.

Cha tano kila mmoja achague kitu kimoja ambacho amekuwa akikikwepa kwa sababu ya mwili wake, kama kucheza netiboli, kuvaa kaptula ya michezo au kukaa mstari wa mbele, akakifanye wiki hiyo. Cha sita kikundi kinachagua hatua moja ya pamoja ndani ya shule: barua kwa mkuu wa shule kuhusu sare zinazobana, mabango ya bwenini, au kuwapokea kidato cha kwanza na kuwaeleza kwamba msichana anapobalehe mwili huongeza mafuta nyongani na mapajani, kwamba ndivyo unavyokua na hakuna cha kupunguza. Hili la mwisho ningelipendelea. Wengi huanza kujinyima hapo hapo, wakidhani kubalehe ni kunenepa.

Yeyote atakayeonekana kuugua katikati ya vipindi, mtoe kwa upole umpeleke kwenye njia ya tiba niliyoieleza juu. Na kanuni moja isivunjwe na yeyote, hata kiongozi: hakuna kutaja kilo, saizi ya nguo, kalori wala njia ya kupungua.

Darasa zima

Kikundi kidogo hakiwafikii wote. Kwa darasa zima, wasichana na wavulana, Simon Wilksch na Tracey Wade wa Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, walitengeneza Media Smart: masomo manane ya kuchambua matangazo. Wanafunzi 540 walifuatiliwa, na miezi 30 baadaye waliosoma walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi kuhusu umbo na uzito kuliko wasiosoma. Hilo linaweza kuingia kwenye somo la Uraia au Kiswahili bila kuongeza kipindi. Simu haziruhusiwi shuleni, basi tumia matangazo yaliyochapishwa. Wape kazi: picha hii imesahihishwa wapi? Mwanga umetoka upande gani? Kwa nini hakuna hata kipele? Aliyelipia tangazo anauza nini? Halafu wamwandikie mhariri wa gazeti. Likizo ndiko kuliko na simu, kwa hiyo kipindi cha mwisho kabla ya kufunga shule kiwe cha kupanga ni kurasa zipi wataacha kuzifuata.

Shule za wavulana zisijione salama. Huko utasikia habari za kifua, misuli na unga wa protini, na wengine hukaa na njaa au kujikausha maji kwa ajili ya mashindano. Linn Goldberg na Diane Elliot wa Oregon walitengeneza programu ya ATLAS kwa timu za wavulana na ATHENA kwa za wasichana, zote zikiongozwa na wachezaji wenyewe wakiwa na kocha. Kama una shule jirani ya wavulana, anza na kocha.

Shule yenyewe

Huwezi kuwafundisha Jumamosi wajikubali, kisha Jumatatu mwalimu wa zamu amwite mtoto "kibonge" kwenye mstari wa asubuhi. Utafiti wa miaka mingi wa Dianne Neumark-Sztainer huko Minnesota umeonyesha tena na tena kwamba kutaniwa kuhusu uzito na kujinyima chakula ujanani hutangulia ulaji wa kupitiliza na uzito mkubwa baadaye. Kwa hiyo majina kama "kibonge", "tembo", "njiti" na "mifupa" yaingizwe kwenye sheria za shule pamoja na uonevu mwingine, na yawabane walimu pia. Walimu wa kike hasa waache salamu ya "umenenepa, nyumbani kuzuri!" wanafunzi wanaporudi likizo. Kwa mama wa miaka 50 hiyo ni sifa. Kwa binti wa miaka 14 inaweza kuwa sababu ya kutokula wiki nzima. Aambiwe "karibu, tulikukumbuka", inatosha.

Bwalo nalo litazamwe. Foleni ikichukua dakika 25 kati ya 40, waliobaki wanakula kwa kukimbia au wanaacha. Kupanga zamu mbili kunaweza kurudisha muda wa kula walau dakika 20 hadi 30. Kumnyima mwanafunzi chakula kama adhabu kukomeshwe kabisa. Pia chunguza kama wanaomwaga makande wanajinyima au makande yana mawe na wadudu; yote mawili hutokea, na la pili ni kazi ya mpishi, si ya mshauri. Walimu wa Biolojia wafundishe lishe bila kugawa vyakula kuwa "vizuri" na "vibaya", na wasiwape wanafunzi zoezi la kuhesabu uwiano wa uzito na urefu wao wenyewe; watumie mfano wa kubuni.

Mkuu wa shule anaweza kuhofia kwamba mkiacha kuzungumzia uzito, unene utaongezeka. Mwonyeshe Planet Health ya Massachusetts, programu ya shule iliyohimiza matunda, mboga, michezo na kupunguza televisheni, bila kampeni ya kupungua. Bryn Austin na wenzake waliripoti mwaka 2005 kwamba baada ya miezi 21, wasichana waliojitapisha au kutumia vidonge vya kupungua walikuwa asilimia 2.8 kwenye shule zenye programu, na 6.2 kwenye zisizo nayo. Lengo la unene na lengo la ulaji salama yanaweza kwenda pamoja, mradi mazungumzo yawe ya chakula na michezo, yasiwe ya miili.

Mfungo unahitaji busara ya pekee. Usimshuku kila anayefunga Jumatatu na Alhamisi au anayeshiriki mfungo wa kanisa. Kinachotofautisha ni jioni: anayefunga kwa ibada hufuturu na wenzake kwa furaha, anayejificha nyuma ya mfungo hukwepa pia futari. Kwa aliye mgonjwa, mshirikishe ustadhi au mchungaji wa shule. Kurani yenyewe, sura ya 2 aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na neno hilo likitoka kwa ustadhi lina uzito kuliko likitoka kwako.

Kwenye kikao cha walimu

Badala ya semina ya wanafunzi, omba saa mbili za walimu, matroni, wapishi na walinzi kabla ya kikundi cha kwanza kuanza. Saa ya kwanza: dalili, nani wa kuambiwa, na maneno ya kuacha. Waeleze jaribio la Minnesota la mwaka 1944 na 1945, ambapo Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema kwa miezi sita. Wakawa wakali, wakajitenga, wakawaza chakula mchana kutwa, baadhi wakakusanya mapishi na vyombo. Waliporudishiwa chakula wengine walikula bila kuweza kuacha. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa ulaji. Ilikuwa njaa. Mwalimu akilijua hilo hatamwita binti "mkaidi" wala "mwenye mapepo", na ataelewa kwa nini chakula cha saa zake kinatangulia ushauri wowote. Saa ya pili iwe ya kuigiza yale mazungumzo ya faragha, wawili wawili, mpaka yazoeleke.

Ili ujue kama kazi inaleta mabadiliko, tumia karatasi fupi isiyo na jina kabla ya kipindi cha kwanza, baada ya cha sita, na tena baada ya miezi sita. Maswali matano yatosha: unaridhika kiasi gani na mwili wako, wiki hii umeruka milo mingapi kwa makusudi, umetaniwa kuhusu mwili mara ngapi, wewe umemtania nani, na ungemwambia nani ukiwa na shida ya kula. Usiulize kilo wala njia zinazotumika. Muulize pia mpishi sahani ngapi zinarudi zikiwa zimejaa, siku tatu za wiki moja, mwanzo na mwisho wa muhula. Tarajia jambo moja litakalowashtua wenzako: mwezi wa kwanza idadi ya wasichana wanaokuja kwako kusema wana tatizo itapanda. Mwambie mkuu wa shule mapema kwamba hao walikuwepo tangu zamani, sasa wamepata wa kumwambia, na uwe umeshazungumza na hospitali kuhusu nani atawapokea. Kwa anayeogopa kuongea na mtu wa shule, bandika bwenini namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, isiyotozwa gharama.